Kutoka kwa Kondoo hadi Sweta: Tujifunze Kusokota Sufu kwa Mkono



Vikundi vingi tunavyovitembelea hufuma sweta, kofia na soksi. Lakini tukifungua daftari la mweka hazina, tunaona pesa nyingi zimeishia kwa mwenye duka la uzi. Na huku Nyandarua, Molo na Laikipia watu wanafuga kondoo wa sufu! Sufu tunaiuza ikiwa chafu kwa bei ya chini, halafu tunanunua uzi kwa bei ya juu. Faida yetu inapotelea hapo katikati.

Kusokota si jambo geni. Mama zetu wamesokota kamba za vyondo kwenye paja tangu zamani.

KIFAA

Gurudumu la kusokotea ni ghali. Anzeni na pia. Chukua kijiti laini cha sentimita 30. Kivike kisahani cha mbao chenye upana wa sentimita 7, karibu na mwisho wa chini. Juu kata mkato mdogo wa kushika uzi. Fundi wa kijijini ataitengeneza.

HATUA

1. Chagua. Tenga sufu ya tumboni na miguuni. Nzuri ni ya mabegani na mbavuni.

2. Osha. Loweka katika maji moto yenye sabuni, bila kusugua. Suuza kwa maji ya joto lile lile. Ukisugua, au ukitoa kwa moto ukatia kwa baridi, itashikamana kama blanketi. Anika kivulini.

3. Chambua kwa vidole mpaka takataka zianguke, kisha uchane kwa brashi mbili za waya.

4. Sokota. Funga uzi wa kuanzia kwenye kijiti, upitishe kwenye mkato, na ushikanishe ncha yake na sufu. Zungusha pia kulia, iache ining'inie. Mkono mmoja unabana, mwingine unavuta sufu iwe nyembamba, ndipo unaachia msokoto upande. Msokoto ukiwahi kabla hujavuta, utapata mabonge. Uzi ukikatika, msokoto ni mdogo. Ukijikunja vifundo, umezidi. Uzi ukirefuka, uzungushie kwenye kijiti, uendelee.

5. Unganisha nyuzi mbili kwa kuzungusha kushoto. Hapo uzi unakuwa imara, na sweta haitapinda upande.

6. Loweka shada la uzi katika maji ya uvuguvugu, kamua polepole, tundika likauke.

Uzi wa kwanza utakuwa mnene hapa, mwembamba pale. Usiutupe, fuma zulia dogo la mlangoni.

TUHESABU KWANZA

Sufu ikioshwa, uzito hupungua hata kwa theluthi moja au zaidi, maana mafuta na uchafu vimetoka. Sweta ya mtu mzima inataka karibu nusu kilo ya uzi. Kwa hivyo pimeni kabla na baada ya kuosha, na muandike.

Andikeni pia saa za kazi. Kwa sweta za shule, uzi wa kiwanda utatushinda kwa bei. Uzi wetu unafaa kofia, shali na blanketi kwa mnunuzi anayetaka sufu halisi. Saa za mama zisipoandikwa, atakuwa amemfanyia mnunuzi kazi ya bure.

MASWALI YA KUJADILI

- Kwetu sufu inapatikana wapi, na kwa bei gani?
- Nani atajifunza kwanza, awafundishe wengine?
- Saa moja ya kusokota tutailipa shilingi ngapi?

Haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na kondoo mmoja.