Masikio ya tembo hufia njiani, si bustanini

MMEA wenye jani pana kama ungo haumhitaji mpiga debe. Ukiwekwa kivulini mlangoni mwa hoteli, wapita njia wenyewe huuliza bei. Hapo ndipo mfanyabiashara wa Namanga anaposhawishika kupakia masikio ya tembo, ndugu wa magimbi wenye asili ya Asia, kutoka Arusha kwenda Nairobi.

Kinachomponza ni safari. Jani kubwa hupoteza maji mengi, na upepo wa gari lililo wazi hulikausha kuliko mizizi inavyoweza kufidia. Mmea uliopakiwa asubuhi umesimama hushushwa jioni umelala. Mzoefu huacha ile mikubwa inayopendeza, akabeba michanga yenye majani mawili matatu, au viazi vyake vilivyokatwa majani na kufungwa kwenye gazeti lenye unyevu kidogo. Mzigo huo hauvutii macho, lakini unafika.

Udongo nao ubaki ulikotoka, kwa kuwa hubeba minyoofundo na vimelea vya kuozesha mizizi. Mmea ukifika mpakani na udongo wake, hasara ni ya mwenye mzigo.

Wengi hukwama kwenye karatasi. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotumika kwa mzigo usiozidi Dola 2,000 za Marekani ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinahusu ushuru tu. Hakiondoi ukaguzi wa mimea. Anayeingiza Kenya huanza na kibali cha KEPHIS, kisha huwapelekea masharti yake wakaguzi wa TPHPA upande wa Tanzania, ambao hukagua mzigo na kutoa cheti cha afya ya mimea. Kupakia kwanza na kuuliza baadaye ni kamari.

Mzigo ukishafika, uuzaji usubiri. Panda kwenye chungu chenye matundu, kwa mchanganyiko mwepesi wa mboji, mchanga na makapi ya mpunga. Weka penye mwanga wa kutosha lakini pasipo jua la mchana, ambalo huunguza jani likabaki na mabaka. Mwagilia udongo wa juu unapoanza kukauka. Katika baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti mmea hupunguza kasi, na maji yapunguzwe vilevile. Kiazi kinachokaa kwenye tope huoza huku majani yakionekana mazima. Pangusa majani kwa kitambaa chenye maji, hasa upande wa chini wanakojificha utitiri. Likichipua jani jipya, mmea umeshika.

Mnunuzi aelezwe pia kwamba utomvu wake huwasha mdomo na ngozi, hivyo uwekwe mbali na watoto na mifugo. Na kwa kuwa unafanana mno na magimbi ya sokoni, usipangwe meza moja na vyakula.