Mwalimu, mwonyeshe mwanafunzi rubriki kabla hajaandika insha

RUBRIKI ni jedwali linaloonyesha vigezo vya kutathmini kazi ya mwanafunzi pamoja na sifa za kila kiwango. Katika mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa nchini 2019, viwango ni vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, wazo hili si geni. Watahini wa KCSE wamezoea kuiweka insha katika kiwango cha A, B, C au D kabla ya kuamua alama kati ya 20. Tofauti ni kwamba sasa kipimo kinapaswa kumfaa mwanafunzi pia, si mtahini peke yake.

Hapo ndipo tunapokwama. Aghalabu sisi walimu huandika ‘anaeleza vizuri sana’, ‘anaeleza vizuri’, ‘anajaribu kueleza’. Hebu jiulize, ‘vizuri’ na ‘vizuri sana’ hutenganishwa na nini? Mwalimu wa Njoro na mwenzake wa Gilgil wanaweza kusahihisha insha ile ile, wakampa mtoto viwango tofauti na kila mmoja akaapa yuko sahihi.

Tuchukue insha ya maelezo ya Gredi ya 7 kuhusu Ziwa Nakuru. Kigezo kiwe kumjengea msomaji picha:

Kuzidisha matarajio: anaeleza rangi, sauti na mienendo ya heroe, tena kwa tamathali zinazooana na anachokieleza.

Kufikia matarajio: anaeleza rangi, sauti na mienendo yao.

Kukaribia matarajio: anataja heroe, vifaru na maji bila kuvieleza.

Mbali na matarajio: anasimulia safari ya basi hadi langoni mwa mbuga, ziwa lenyewe halionekani.

Wasomee wanafunzi jedwali hili kabla hawajashika kalamu. Wakimaliza, wabadilishane madaftari na wapimane. Atakayeambiwa ‘unakaribia’ atajua la kufanya: arudi kwa heroe, awaeleze. Bila hivyo, ‘kukaribia’ ni ile alama ya 45 ya zamani iliyovishwa nguo mpya.

Vigezo vitatu au vinne vinatosha kwa kazi moja. Kumi vitakuchosha wewe na darasa. Na tusifanye mzaha: tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya KJSEA. ‘Vizuri’ isiyoeleweka humfuata mtoto hadi huko.