Nani huweka pointi za famasia na udaktari wa meno?

Kwenye midahalo nasikia wanasiasa wakiahidi "kushusha pointi" za kozi za afya. Jamani, zile pointi za mwisho hakuna mtu huziweka ofisini! KUCCPS hupanga waombaji kwa pointi za klasta, juu kabisa 48, na za aliyepata nafasi ya mwisho ndizo nyinyi huona.

Linganisheni sasa. Ukikosa famasia Nairobi, kuna Kenyatta, JKUAT, hata USIU ukiwa na karo. Meno? Kwa miaka mingi ni Nairobi na Moi, basi. Kila mwanafunzi wa meno anahitaji kiti cha matibabu (si cha plastiki, ni ghali), mgonjwa wa kweli na daktari wa kumsimamia. Akiahidi tena, muulizeni: utaongeza viti vingapi, na wapi?