Mahasimu Ulingoni, Wenzi Kazini: Jozi ya Sheamus na Cesaro na Maana ya "Mchezo"

Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kuanzia Kasongo na Kabambare hadi Salamabila penye machimbo ya dhahabu, mieleka ya kulipwa hujulikana zaidi kwa jina la catch. Neno hilo limeingia kwa njia ya Kifaransa, ingawa asili yake ni Kiingereza: Wafaransa walilikata kutoka katika jina refu la mtindo mmoja wa mieleka wa Uingereza ya karne ya 19, mtindo ulioruhusu kumkamata mpinzani popote mwilini. Pwani na Tanzania bara husemwa mieleka, au miereka, neno ambalo umoja wake, mwereka, lina maana ya anguko. Anayepiga mwereka ameanguka kwa kishindo. Wanaopigana miereka huangushana. Hivyo lugha ni moja, lakini upande mmoja umeupa mchezo huu jina kwa kumtazama anayekamata, na upande wa pili kwa kumtazama anayeanguka.

Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Anayetaka kuelewa jinsi mahasimu wawili wa ulingoni wanavyoweza kugeuka kuwa jozi moja na kutwaa mataji hana budi kuwatazama wote wawili kwa pamoja, mkamataji na mwangukaji, kwani katika mieleka ya kulipwa hakuna anguko ambalo mwangukaji hakushiriki kulitengeneza.

Huko Ulaya na Marekani mjadala juu ya mieleka hii umekuwa wa muda mrefu, na kwa sehemu kubwa umekuwa wa kuchosha. Roland Barthes, katika insha inayofungua kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, alieleza kwamba catch si mashindano ya michezo bali ni onyesho, na kwamba mtazamaji hajali kama matokeo yamepangwa, maana hakuja kuona nani ana nguvu zaidi. Amekuja kuona mateso, hila na haki vikidhihirishwa waziwazi. Mwaka 1989 wenye kampuni ya WWF, ambayo tangu mwaka 2002 inaitwa WWE, walikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba kazi yao ni burudani na matokeo yake hupangwa. Kukiri huko hakukutokana na toba. Walitaka kuepuka masharti na ada zilizowahusu waandaaji wa michezo ya kweli.

Kiswahili hakina sababu ya kuingia katika ugomvi huo. Mpira ni mchezo, tamthilia ni mchezo wa kuigiza, na ngoma nayo huchezwa. Neno moja linabeba ushindani, uigizaji na mwendo wa mwili. Hata hivyo, swali linaloulizwa na kila mtoto mbele ya televisheni linabaki palepale: je, wanapigana kweli? Historia ya jozi ya Sheamus na Cesaro ni mfano mzuri wa kulijibia.

Sheamus, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Stephen Farrelly, alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1978. Alipomshinda John Cena mwezi Desemba 2009, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Ireland kuwa bingwa wa WWE. Cesaro, yaani Claudio Castagnoli, alizaliwa Lucerne, Uswisi, mwaka 1980, akasifika kwa nguvu zisizolingana na umbo lake. Pigo lake maarufu lilikuwa kumshika mpinzani miguu yote miwili na kumzungusha hewani mara nyingi huku watazamaji wakihesabu kwa sauti. Wa kwanza alikuwa amekwisha kupata heshima kubwa. Wa pili alisifiwa na wajuzi lakini hakuwahi kupewa taji kubwa kuliko yote. Hapo palikuwa na chanzo cha kutosha cha uhasama wa kuigiza.

Tarehe 21 Agosti 2016, mjini New York, walianza mfululizo wa mapambano 7: atakayefikisha ushindi mara 4 ndiye mshindi. Sheamus alishinda matatu ya kwanza. Cesaro akashinda matatu yaliyofuata. La saba lilifanyika Indianapolis tarehe 25 Septemba, na halikutoa mshindi. Wote wawili walianguka nje ya ulingo na ikaamuliwa kwamba hakuna awezaye kuendelea. Watazamaji walizomea, na kwa haki yao, kwani walikuwa wamefuatilia hesabu kwa zaidi ya mwezi mzima. Siku iliyofuata meneja wa kipindi katika hadithi hiyo, Mick Foley, aliyekuwa mwanamieleka mashuhuri siku zake, alitangaza kwamba kuanzia hapo wawili hao watapigana upande mmoja.

Kwa mtazamo wa hadithi, huo ulikuwa mgeuko wa ghafla. Kwa mtazamo wa kazi yenyewe haukuwa mgeuko hata kidogo. Watu wawili waliokutana ulingoni mara saba katika wiki tano, mmoja akimwinua mwenzake juu ya kichwa na kumbwaga sakafuni, kisha wote wakaondoka wakiwa na shingo nzima, walikuwa tayari wamekwisha kuwa wenzi. Anayeinuliwa huruka kidogo ili kumpunguzia mwinuaji uzito. Anayebwaga hulinda kichwa cha anayebwagwa. Anayezungushwa kwa miguu huvuta kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Uhasama mzuri wa ulingoni hauwezi kufanywa na mtu mmoja, wala na watu wawili wasioaminiana.

Jambo hili si geni kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Katika malumbano ya kishairi, anayejibu hufungwa na umbo la shairi alilotumiwa: hufuata vina vyake na mizani yake, na mara nyingi huazima hata neno la mpinzani ili aligeuze maana. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana tungo kali mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji yao ilipokuwa ikielekea kwenye vita vya Shela. Uadui wao ulikuwa wa kweli na uliishia katika damu, lakini tungo zenyewe zilijengwa kwa kanuni moja ambayo pande zote mbili ziliitii. Vivyo hivyo ngoma ya beni, iliyoenea Afrika Mashariki hadi Katanga katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, isingekuwa na uhai bila vyama vinavyoshindana, kama Marini na Arinoti. Kila kimoja kilihitaji kingine ili kipate wa kumtambia. Mshindani ni mtu wa lazima. Katika catch, ulazima huo ni wa mwili.

Mieleka ya jozi huongeza jambo jingine. Kila upande una watu wawili, lakini mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kupigana. Mwenzake husimama kwenye kona nje ya kamba akingoja kuguswa mkono ili apokee zamu. Mtungo wa pambano karibu kila mara ni uleule: mmoja hutengwa mbali na kona yake, hupigwa kwa muda mrefu, hutambaa kuelekea mkono ulionyoshwa, huvutwa nyuma, hutambaa tena. Mvuto wote umo katika nafasi ya sentimita chache kati ya mikono miwili. Ni wazi kwa nini jozi ya mahasimu wa zamani ina ladha ya pekee: mtazamaji hana hakika kama mkono ule utabaki umenyoshwa.

WWE ilitumia shaka hiyo kwa miezi mitatu. Sheamus na Cesaro walikuwa wakigombana wao kwa wao hata wanaposhinda. Tarehe 30 Oktoba 2016 waliwashinda mabingwa, The New Day, lakini kwa kosa la kiufundi ambalo halihamishi mkanda. Hatimaye, tarehe 18 Desemba 2016, mjini Pittsburgh, waliwavua taji hilo. The New Day walikuwa Wamarekani Weusi wawili, Big E na Xavier Woods, pamoja na Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, nao walikuwa wameshikilia ubingwa kwa siku 483, wakiivuka rekodi ya siku 478 iliyowekwa na jozi ya Demolition kati ya mwaka 1988 na 1989. Kwa hiyo waliopokea mkanda walipokea pia uzito wa rekodi hiyo.

Kuanzia hapo mataji yaliingia na kutoka. Walipoteza Januari 2017. Mwezi Aprili walishindwa na ndugu Hardy, wakawapiga baada ya kupeana nao mikono, na kwa tendo hilo wakawa waovu wa hadithi. Mwezi Juni walitwaa tena taji kutoka kwa ndugu haohao. Wakati huo ndipo walipojiita The Bar. Jina hilo lina maana mbili: ufito ambao mrukaji wa juu hupaswa kuuvuka, yaani kipimo cha ubora, na pia baa ya kunywea, maana kwa mujibu wa hadithi walipatana baada ya kupigana bega kwa bega dhidi ya walevi katika kilabu kimoja. Walichukua ubingwa kwa mara ya tatu mjini Manchester mwezi Novemba 2017, na kwa mara ya nne mjini Philadelphia mwezi Januari 2018. Baada ya kuhamia kipindi cha pili cha kampuni, SmackDown, waliongeza ubingwa wa huko mwezi Oktoba 2018, wakiwashinda The New Day kwa mara nyingine. Jumla ni mara tano.

Kipindi kibaya kuliko vyote kilikuwa New Orleans, tarehe 8 Aprili 2018, mbele ya umati wa WrestleMania. Mpinzani wao, jitu la miraba minne liitwalo Braun Strowman, alitafuta mwenzi miongoni mwa watazamaji na kumchagua mtoto wa miaka 10. The Bar walishindwa. Wapo waliocheka, na wapo waliosema kwamba kazi ya miaka miwili ilikuwa imetupwa kwa mzaha wa dakika chache. Hao wa pili walikuwa na hoja: mchezo ambao ushindi wake hupangwa hauna kitu kingine cha kulinda isipokuwa heshima ya wanaoucheza.

Ama kuhusu swali la mtoto mbele ya televisheni, jibu lilitolewa Los Angeles tarehe 24 Septemba 2017. Sheamus na Cesaro walikuwa wakipambana na Dean Ambrose na Seth Rollins, ambao nao walikuwa na historia inayofanana: washirika hadi mwaka 2014, maadui kwa miaka mitatu, kisha wakapatana Agosti 2017 na kuwavua The Bar ubingwa. Katikati ya pambano Cesaro alirushwa akagonga uso kwenye kona ya ulingo. Meno yake ya mbele yalisukumwa juu yakaingia ndani ya ufizi. Hakuna aliyekuwa amepanga hilo. Mwenzake angeweza kumalizia peke yake, au wapinzani wangeweza kuharakisha mwisho. Badala yake aliendelea, akiinuliwa na kubwagwa na watu wawili wanaojua kwamba kinywa chake kimejaa damu, na kila mmoja akirekebisha mapigo yake kulingana na hali hiyo, mpaka mtungo ulipofika mwisho uliokusudiwa. Matokeo ya usiku ule yalikuwa ya kuigiza. Ufizi haukuwa wa kuigiza, wala uangalifu wa wale wengine watatu.

Mjini Kinshasa, ambako catch ina mashabiki wengi, baadhi ya wanamieleka huingia ulingoni na dawa na uganga, na mpinzani huanguka kabla hajaguswa. Wageni hulitaja jambo hilo kama kioja cha Kongo. Lakini anayeanguka kwa uganga na anayeanguka kwa kuzungushwa miguu na Cesaro wanafanya kazi moja: kila mmoja anautoa mwili wake ili uwezo wa mwenzake uonekane.

Jozi hii ilivunjika bila sherehe. Pambano lao la mwisho la WrestleMania lilikuwa tarehe 7 Aprili 2019, katika mpambano wa jozi nne ambao hawakushinda. Usiku huohuo Kofi Kingston, mtu waliyemvua mkanda mwaka 2016, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuwa bingwa wa WWE. Siku chache baadaye, katika ugawaji mpya wa wanamieleka, Cesaro alihamishiwa kipindi kingine peke yake. Mwaka 2022 aliondoka WWE, akalirudia jina lake la Castagnoli, na mwezi Juni akajiunga na kampuni shindani ya AEW. Huko aliingizwa katika kundi moja na Jon Moxley. Huyo ndiye Dean Ambrose, mmoja wa wale wawili waliokuwa upande wa pili siku meno yalipozama.