Hali ya Mtendaji: Nguvu ya Ndani ya Mganga katika Milima ya Upare

1.0 Utangulizi

Mji wa Mwanga umo katika tambarare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na nyuma yake imesimama milima ya Upare Kaskazini yenye Usangi na Ugweno. Jina la mji huu humshtua kidogo mgeni aliyekulia katika Kiswahili cha pwani. Mwanga ni nuru. Lakini mwanga, katika ngeli ya watu, ni mchawi wa usiku, na wingi wake ni wanga. Hatudai kwamba jina la mji limetokana na neno lolote kati ya hayo mawili. Hata hivyo, sadfa hiyo yatupa swali la makala haya: ikiwa mganga na mwanga huchimba mizizi ileile na kunuia maneno yanayokaribiana, ni kitu gani kinachowatenga, na kwa nini kazi ya mganga mmoja husadikiwa kuwa na nguvu kuliko ya mwingine?

Hoja yetu ni kwamba jibu halimo katika dawa. Limo katika hali ya mtendaji mwenyewe, yaani nguvu ya ndani inayojengwa kwa miko, kwa subira na kwa kuutakasa moyo. Hatukusudii kuthibitisha wala kukanusha kwamba uganga hutenda kazi kimaumbile. Tunachunguza namna jamii yenyewe inavyoeleza kufaulu na kushindwa kwake.

2.0 Mkabala na Istilahi

Katika utafiti wake wa visiwa vya Trobriand uliochapishwa mwaka 1922, Malinowski aligawa tendo la uganga katika sehemu tatu: maneno yanayonuiwa, tendo la kimila, na hali ya mtendaji. Sehemu mbili za kwanza zimeandikwa sana kuhusu Afrika Mashariki. Wataalamu wamekusanya maapizo, wakaorodhesha miti na hirizi. Sehemu ya tatu imebaki nyuma, kwa sababu haibebeki katika mkoba wa mtafiti.

Evans-Pritchard (1937), akiandika kuhusu Wazande, alitenganisha uchawi unaokaa mwilini mwa mtu kwa kurithiwa na ule unaotendwa kwa dawa. Kiswahili hakikati mpaka wake hapo. Neno mchawi hujumuisha wote wawili, na neno dawa humtumikia mganga na mchawi bila ubaguzi. Mpaka wa Kiswahili unapita kati ya uganga na uchawi, na msingi wake ni nia na mwenendo wa mtu. Ndiyo maana methali husema: Mganga hajigangi. Kwa kawaida methali hii hufafanuliwa kuwa mtu hawezi kujitatulia shida zake mwenyewe. Lakini yaweza pia kusomwa kama kanuni: nguvu ya mganga hairejei kwake. Akiielekeza kwenye tamaa yake, imekwisha kubadilika jina.

3.0 Mshitu kama Shule ya Kujizuia

Wamisionari wa Kijerumani walioishi Upare walituachia maelezo mengi. Dannholz, wa misheni ya Leipzig, alichapisha kitabu mwaka 1916. Kotz, wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alichapisha chake mwaka 1922. Vichwa vya vitabu vyote viwili vinatumia neno moja la Kijerumani lenye maana ya kuwa chini ya kifungo: cha kwanza kifungo cha imani ya mizimu, cha pili kifungo cha hofu. Kwa macho yao, miko ilikuwa minyororo. Hawakukosea kuona kwamba watu waliogopa. Walichokosa kukipa uzito ni kwamba kufungwa huko kulikuwa pia njia ya kumjenga mtu.

Ushahidi ulio wazi ni mshitu. Neno hili, lenye asili moja na msitu wa Kiswahili, hutaja msitu wa jando, ambao ni tofauti na mpungi, mahali patakatifu pa ukoo palipohifadhiwa mafuvu ya wahenga. Kimambo (1969) ameonyesha jinsi watawala wa ukoo wa Wasuya, baada ya kuwaondoa Washana waliokuwa wahunzi, walivyoifanya ada ya mshitu kuwa nguzo ya dola ya Ugweno. Kijana aliyeingia humo alifunzwa kutii, kuvumilia na kutunza siri. Asiyepita hapo hakuhesabiwa mtu mzima kamili.

Msitu wenyewe ulifunzwa kwa miko. Hapakatwi mti ovyo, wala haingii asiyeruhusiwa. Hata leo, katikati ya migomba na mibuni, vipande vidogo vya miti mikongwe vingali vimesimama Usangi na Ugweno. Vinaonyesha kwa macho kanuni ambayo kwa mtu haionekani: kisichoguswa ndicho kinachokomaa. Mganga anayejinyima usingizi, chakula fulani au unyumba kabla ya kazi yake hufuata kanuni hiyohiyo. Hajinyimi ili ateseke, bali ili pawe na kitu ndani yake ambacho hakijatumika.

4.0 Moyo Usio na Hasira

Kujizuia peke yake hakutoshi, kwani hata mwanga huweza kujizuia kwa ajili ya shabaha yake. Hapa majirani wa Wapare wanatusaidia. Wataita wa Kenya wanakaa ng'ambo ya mpaka, na historia ya koo kadhaa za Upare inahusishwa na milima yao. Harris (1978) ameeleza ada yao ya kutasa: mtu hutia kinywaji mdomoni, hukipuliza nje, na hunena maneno ya kheri. Maana yake ni kuitoa hasira moyoni. Kwa Wataita, hasira iliyofichwa huweza kumdhuru ndugu, mifugo au mazao, hata kama mwenye hasira hakutamka neno. Kwa hiyo tambiko la mtu mwenye kinyongo ni tambiko lililokwisha kuharibika.

Fikra hii yaweka sharti la pili. Nguvu ya ndani si ukali wa moyo wala ushupavu wa kushinda wengine. Ni moyo uliokunjuliwa mbele ya watu. Sharti hili ndilo linalofunua tofauti ya siri mbili. Yaliyotendwa mshituni yalikuwa siri, lakini kuwapo kwa mshitu kulijulikana na kila mtu. Mwanga, kama anavyosimuliwa, hutoka usiku akiwa uchi, na hata kutoka kwake hakuna anayekujua. Siri ya kwanza ina mashahidi. Ya pili haina.

Lazima tukiri pingamizi moja. Miko ilikuwa pia chombo cha wazee cha kuwatawala vijana na kuwatenga wanawake, na mwenye mamlaka aliweza kuuita uchawi upinzani wowote. Pingamizi hili ni la kweli. Hata hivyo, haliondoi hoja, kwa kuwa mzee naye alipimwa kwa miko ileile.

5.0 Mkono na Dawa

Je, fikra hii imekwisha? Tukio la mwaka 2011 linaonyesha kinyume. Maelfu ya watu, kutoka Tanzania na nje, walipanga foleni Samunge, Loliondo, wapate kikombe cha Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Mti alioutumia, mugariga, haukuwa siri. Lakini alisisitiza kwamba dawa haifanyi kazi isipotolewa na mkono wake, palepale kijijini, kwa shilingi 500. Haikuthibitishwa kitabibu kwamba kikombe kile kiliponya, na wagonjwa walioacha dawa za hospitali walijiweka katika hatari kubwa. Jambo linalotuhusu ni kigezo cha wasadiki: walimpima mtu kabla ya kuipima dawa, na udogo wa malipo ulikuwa sehemu ya ushahidi wao.

Sheria hupima kwa kigezo kingine. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na kurithiwa na Tanzania huru, huufafanua uchawi kwa vifaa vyake na kwa kudai kuwa na nguvu au elimu ya siri. Kwa ufafanuzi huo ni vigumu kumtenga mganga na mchawi. Serikali ilipotangaza kuzuia kazi za waganga mwaka 2009, na tena 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, marufuku iliwakumba wote kwa pamoja. Mauaji hayo yenyewe yalisimama juu ya imani kwamba nguvu imo katika kitu, tena katika kiungo cha binadamu, na kwamba anayekinunua hahitaji kubadilika hata kidogo.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba katika mapokeo ya Upare na ya majirani zake, nguvu ya mganga hujengwa kwa kujizuia, hutakaswa kwa kutoa hasira, na huthibitishwa na mashahidi. Aliyezoea kipimo hicho angemtilia shaka mara moja mtu anayeuza utajiri kwa viungo vya mwenzake, kwani mtu huyo hana mwiko wowote. Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili, Chasu na Kigweno ni kuukusanya msamiati wa miko hiyo wangali wako wazee wanaoujua, wasiishie kuorodhesha mizizi.