Lugha ya Meza ya Kikorea (Sehemu ya Pili): Plau, Randa na Marinda Buchani

Wiki iliyopita tulianza na wanyama wenyewe: so ni ng'ombe, dwaeji ni nguruwe, dak ni kuku, na gogi ni nyama. Ukiunganisha unapata sogogi, dwaejigogi na dakgogi, ukadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Ingia katika mgahawa wa nyama ya kuchoma jijini Seoul, utazame ubao ukutani: neno gogi huenda usilione hata mara moja. Utaona samgyeopsal, chadolbagi, buchaesal, galmaegisal, na kando ya kila jina bei ya inbun moja, yaani fungu la mtu mmoja, ambalo kwa kawaida huwa gramu 150 hadi 200. Jiko la mkaa liko katikati ya meza, mhudumu amesimama na koleo mkono mmoja na mkasi mkono wa pili, anakusubiri useme. Leo tuusome ubao huo.

Kwetu, mteja wa kawaida akifika buchani huulizwa swali moja: steki au mchanganyiko? Mjuzi kidogo ataomba kidari, mbavu au sarara, na mpenda mafuta ataulizia nundu. Mkorea hukata na kutaja kwa upana zaidi. Mgawanyo rasmi wa nyama ya ng'ombe nchini humo una sehemu kuu 10, nazo zimegawanywa tena kuwa sehemu ndogo 39. Nguruwe ana sehemu kuu 7. Wenyewe wana msemo wa maneno manne, il du baek mi: kichwa kimoja, ladha mia. Nundu haimo katika hesabu hiyo kwa sababu ng'ombe wa Kikorea, hanwoo, hana nundu, na lugha haikipi jina kiungo ambacho mnyama hakukipata.

Majina 39 yanatisha, lakini mengi yamejengwa kwa vipande vichache. Kipande cha kwanza ni sal, mnofu, ambacho hukaa mwisho wa jina. Halafu kuna viungo vya mwili: mok ni shingo, deung ni mgongo, dari ni mguu, galbi ni ubavu. Ongeza ap (mbele), dwit (nyuma) na an (ndani), nawe umeshasoma robo ya ubao: apdari ni mguu wa mbele, dwitdari wa nyuma, moksal ni mnofu wa shingo. (Katika maandishi haya, eo isomwe kama o ya mdomo uliofunguka, na ae kama e.)

Katika kundi hili liko neno moja lenye historia ndefu. Nyama mbili zinazopendwa kwa ulaini, zile za mahali ambapo mchinjaji wetu angekata sarara, huitwa deungsim na ansim: sim ya mgongoni na sim ya ndani. Sim ni nini? Wakorea wengi wakilisikia neno ansim hukumbuka kwanza ansim nyingine, yenye asili ya Kichina, inayomaanisha utulivu wa moyo. Hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa sauti tu. Sim ya nyama ni neno la kale him. Mwaka 1446, mfalme Sejong alipotangaza herufi mpya za Kikorea, kitabu cha kuzifafanua kilitoa mifano ya matumizi ya kila herufi. Katika mifano ya herufi h limo neno him, na maana iliyoandikwa kando yake ni kano, au mshipa wa nyama. Siku hizi him kwa Mkorea ni nguvu. Maana imetoka kwenye msuli ikaenda kwenye kazi ya msuli. Buchani, matamshi ya sim, ambayo bado yanasikika katika lahaja kadhaa, yamebaki na maana ya zamani.

Kipande kingine ni namba. Samgyeopsal, nyama ya tumbo la nguruwe inayopendwa kuliko zote katika migahawa ya kuchoma, ni sam (tatu), gyeop (tabaka) na sal. Ukiikata na kuitazama kwa ubavuni unaona mistari: mnofu, mafuta, mnofu. Ikiachwa na ngozi yake inakuwa ogyeopsal, tabaka tano, nayo imetia fora kisiwani Jeju. Katika miaka ya 1930 nyama hiyohiyo iliandikwa segyeopsal. Tofauti ni kwamba Wakorea wana seti mbili za namba, za kwao wenyewe na zilizotoka Uchina. Se ni tatu ya kwao, sam ni tatu ya Kichina. Sisi hatuna haki ya kushangaa: tunahesabu tano kwa Kibantu, tukifika sita na saba tunahamia Kiarabu, tunarudi nyumbani kwa nane, kisha tunaondoka tena kwa tisa.

Sasa tufike penye utamu. Ukishaondoa viungo na namba, majina mengi yanayobaki ni ya vyombo. Mnofu wa mviringo mrefu ndani ya paja la ng'ombe huitwa hongdukkaesal. Hongdukkae ni gogo jembamba lililolainishwa, mfano wa mti wa kusukumia chapati lakini refu zaidi. Wanawake waliviringisha kitambaa juu yake na kukigonga kwa virungu mpaka kikanyooka, kabla pasi haijaingia nyumbani. Utoe mnofu ule mzima, uweke mezani, na gogo utaliona. Kwenye bega kuna buchaesal, mnofu wa upepeo: kano moja nyeupe imepita katikati, na kutoka kwake mistari myembamba inatawanyika kama mbavu za upepeo uliokunjuliwa. Tumboni kuna chimasal. Chima ni ile sketi pana ya vazi la asili la wanawake wa Korea, na nyuzi za nyama hiyo zimepangana kama marinda.

Endelea ndani ya mwili. Tosisal imepewa jina la tosi, vitambaa vya kuvaa mikononi kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Ule msuli mwembamba unaotenganisha mapafu na tumbo la ng'ombe ni anchangsal, na anchang ni soli ya ndani ya kiatu. Chadolbagi, nyama ya kidari inayokatwa nyembamba kama karatasi, maana yake ni iliyopachikwa chadol, yaani jiwe jeupe gumu: yale mafuta yaliyokaza katikati ya wekundu wa mnofu. Nguruwe naye ana daepae samgyeopsal. Daepae ni randa ya seremala. Nyama hugandishwa, kisha huparuzwa na mashine ikatoka imejikunja, na aliyewahi kusimama kwenye karakana ya mbao atayatambua maranda mara moja.

Vyombo vingine viwili vinatuambia ng'ombe huyu alikuwa nani kabla hajawa kitoweo. Sehemu ya juu ya paja la nyuma huitwa boseopsal, jina linalotokana na chuma cha plau, kile kinachochana ardhi. Na nyama ya kiunoni, inayofuata baada ya deungsim, ni chaekkeut: chae ni mjeledi, kkeut ni ncha. Maelezo yanayotolewa na wauza nyama ni kwamba hapo ndipo ncha ya mjeledi ilipomfikia ng'ombe alipokuwa akiswagwa. Ng'ombe wa Korea alikuwa mlimaji kwanza. Aliyempa majina hayo hakuwa amekaa mezani. Alikuwa nyuma ya plau, anamtazama mnyama wake mgongoni siku nzima.

Jina likizeeka, sikio hulipotosha. Mfano mzuri ni galmaegisal. Galmaegi kwa Kikorea ni shakwe, ndege wa baharini, na mgeni mwenye kamusi ataamini ameletewa nyama ya ndege. Ni nguruwe. Ni msuli uleule wa kati ya mapafu na tumbo ambao kwa ng'ombe tumeuita soli ya kiatu. Kwa nguruwe uliitwa garomagi, kizuizi kilichokingama, jina linaloeleza kazi yake vizuri sana. Watu walilitamka haraka, sauti zikayeyuka, na masikio yakalipeleka kwenye neno lililokuwa tayari kichwani, shakwe. Kwa hiyo msuli mmoja, wanyama wawili, majina mawili, na hakuna hata moja linalokutajia mnyama.

Dakgalbi nayo ina mtego wake. Jina linasema ubavu wa kuku, lakini kinacholetwa, hasa katika mji wa Chuncheon uliojipatia sifa kwa chakula hiki, ni minofu ya kuku iliyokaangwa na kabichi na pilipili ya kusaga. Galbi hapa ni neno la kuazimwa tu. Mtego mwingine ni neno yang. Yanggogi ni nyama ya kondoo, lakini ukiona yang peke yake kwenye mgahawa wa matumbo, ni tumbo la kwanza la ng'ombe. Jirani yake ni cheonyeop, majani elfu, tumbo la tatu lenye kurasa nyingi kama kitabu. Na figo ni kongpat, neno lililoundwa na aina mbili za maharage: kong na pat.

Msomaji asiyekula nguruwe ashike jambo hili vizuri. Samgyeopsal, moksal, galmaegisal: hakuna panapotajwa dwaeji, kwa sababu mwenyeji anajua. Deungsim, ansim na galbi hupatikana kwa wanyama wote wawili. Basi usiulize kipande, uliza mnyama: so au dwaeji? Na anayetaka nyama ya halali, kuulizia mnyama hakutoshi. Mtaa wa Itaewon jijini Seoul, ulipo msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976, una migahawa na maduka yanayoiuza.

Ukienda dukani badala ya mgahawani, lebo ya hanwoo itakupa mambo mawili zaidi: daraja, kuanzia 1++ kushuka hadi 3, likitazama hasa mafuta yaliyosambaa ndani ya mnofu, na namba ya tarakimu 12 inayokuonyesha ng'ombe alikozaliwa na alikochinjiwa. Wazee sokoni bado watakupimia kwa geun. Geun moja ya nyama ni gramu 600, lakini geun ya mboga ni pungufu ya hapo, kwa hiyo usije ukalinganisha bei bila kuuliza.

Leo mashamba ya Korea Kusini hulimwa kwa trekta, na nguo hunyooshwa kwa pasi ya umeme. Kijana wa Seoul anayeagiza hongdukkaesal ili mama yake aichemshe kwa mchuzi wa soya huenda hajawahi kuligusa gogo lenyewe. Hata hivyo mwenye bucha akimsikia hakosei: kisu kinakwenda moja kwa moja pajani, kwenye ule mnofu wa mviringo.

Wiki ijayo tutaondoka kwenye jiko la mkaa tuhamie kwenye sufuria: mifupa, mkia na magoti ya ng'ombe, na kwa nini supu ya seolleongtang hutoka nyeupe kama maziwa.