Intaneti ya waya Tabora: mwizi hapiti barabarani, hupitia kwenye ruta

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya Ujiji, wafanyabiashara wa Tabora walijua hasara inatoka wapi. Misafara ilisimama, pembe za ndovu hazikupita, na kila mtu aliona. Mfanyabiashara wa leo mjini humo anaweza kuporwa akiwa kwenye intaneti asijue, hadi siku atakapoikuta akaunti tupu.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umeleta intaneti ya kasi hadi kwa wanunuzi wa asali na vyama vya msingi vya tumbaku. Wengi hudhani hatari iko kwenye waya uliofukiwa ardhini. Waya ukikatwa na greda, mtandao hupotea na watu hulalamika. Hiyo ni kero, si wizi. Mwizi hukipenda zaidi kile kiboksi chenye taa kilichopo ukutani, yaani ruta.

Ruta nyingi, hasa za zamani, zilitoka kiwandani na neno la siri kama "admin", linalojulikana dunia nzima. Fundi akishafunga na kuondoka, halibadilishwi. Anayeingia humo hana haja ya kugusa kompyuta ya karani. Hubadilisha anwani chache tu, na karani anapoandika jina la benki yake hupelekwa kwenye ukurasa wa bandia. Nchini Brazil, kufikia mwaka 2012 modemu zipatazo milioni 4.5 zilikuwa zimeingiliwa kwa mbinu hiyo.

Halafu kuna uzembe wetu wenyewe: neno la siri la Waifai kubandikwa ukutani kwa ajili ya wateja, na karani kutumia Waifai hiyo hiyo kushughulikia malipo ya wakulima.

Kinga yake si ghali. Fundi abadilishe neno la siri la ruta yenyewe, si la Waifai peke yake, na azuie ruta kufunguliwa kutoka nje. Wateja watengewe mtandao wao. Kompyuta ikionya kuwa ukurasa wa benki si salama, karani asibonyeze "endelea". Muuza pembejeo akiandika barua pepe kwamba akaunti yake imebadilika, apigiwe kwa namba iliyozoeleka, si iliyomo kwenye barua hiyo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingilia mfumo wa mwenzake. Kumpata ndiyo kazi. Anaweza kuwa bara jingine, na fedha zikishahamishwa mara mbili tatu, anayebaki akisubiri ni mkulima aliyekwishakabidhi tumbaku yake.